Kazimir Malevich: Mraba Mweusi Mbele ya Dola

Istilahi ya uhalisia wa kijamaa si ngeni kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Huipata katika mihadhara ya nadharia, huitumia kuhakiki riwaya na tamthilia za enzi ya Ujamaa, na aghalabu huiandika katika karatasi ya mtihani pasi na kujiuliza ni akina nani walioumia ilipokuwa ikiasisiwa. Kwamba uhalisia huo uliwahi kuwa amri ya serikali, amri ambayo kuikaidi kuliweza kumfikisha msanii korokoroni, ni jambo linalotajwa kwa uchache mno. Makala haya yanaangazia maisha ya mtu mmoja aliyekumbana na amri hiyo. Kazimir Malevich hakuandika kijitabu cha uchochezi wala hakumtukana kiongozi yeyote. Machoni pa watawala, kosa lake kubwa lilikuwa kuchora mraba.

Malevich alizaliwa tarehe 23 Februari mwaka wa 1879 katika eneo la Kyiv, nchini Ukraine, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya himaya ya Kaizari wa Urusi. Wazazi wake, Seweryn na Ludwika, walikuwa Wapolandi wa madhehebu ya Kikatoliki. Walijaliwa watoto kumi na wanne, tisa kati yao wakafikia utu uzima, naye Kazimir alikuwa kifungua mimba. Baba alifanya kazi katika viwanda vya sukari, ile itokanayo na viazisukari wala si miwa, na kwa sababu viwanda hivyo vilijengwa karibu na mashamba, mtoto akakulia vijijini. Katika kumbukumbu alizoandika ukubwani alieleza jinsi alivyowapenda watoto wa wakulima kuliko wale wa wafanyakazi wa kiwandani. Wakulima walitarizi nguo zao, wakapamba kuta na meko kwa michoro ya rangi, wakaishi kwa majira ya jua na mvua. Ilhali wafanyakazi wa kiwandani waliishi kwa amri ya king'ora. Ni vyema kulikumbuka jambo hili, kwa maana wakulima hao watarejea katika picha zake miaka arubaini baadaye, na watarejea wakiwa hawana nyuso.

Hakupata elimu ya juu ya sanaa kwa urahisi. Mnamo 1896 familia ilihamia Kursk, naye akaajiriwa kuchora ramani na michoro ya kiufundi katika ofisi za reli, huku akijifunza uchoraji jioni na siku za mapumziko. Baba alifariki mwaka wa 1902. Baada ya hapo kijana huyu akajaribu mara kadhaa kujiunga na chuo mashuhuri cha uchoraji mjini Moscow, akakataliwa, akaishia kufunzwa katika studio ya mchoraji Fyodor Rerberg. Ufukara ulikuwa sahibu wake kwa miaka mingi.

Hata hivyo, Moscow ya wakati huo ilikuwa shule tosha. Matajiri wawili wa biashara, Sergei Shchukin na Ivan Morozov, walikuwa wamenunua picha za Matisse na Picasso kutoka Paris, nao wachoraji chipukizi wakazitalii kana kwamba walikuwa wakisoma kitabu kitakatifu. Malevich alipitia mikondo yote kwa kasi ya ajabu: alianza na picha za mandhari zenye mwanga mwingi, akaja kwenye wakulima wa miili minene, akaingia katika kubizimu na futurizimu. Aliandamana na washairi vilevile. Velimir Khlebnikov na Aleksei Kruchenykh walikuwa wakijaribu kutunga mashairi kwa maneno yaliyovunja mipaka ya maana ya kawaida, na kijana Roman Jakobson, ambaye jina lake linafahamika vyema kwa kila aliyesoma isimu na nadharia ya umaumbo, alikuwa miongoni mwa wale waliozoeana na Malevich. Mjadala wa iwapo fani yaweza kusimama peke yake, bila kuwa kijakazi wa maudhui, ulizungumzwa kwa rangi na kwa maneno wakati mmoja, na mara nyingi na watu wale wale.

Mwezi Desemba mwaka wa 1913, katika jiji la Saint Petersburg, iliigizwa opera iliyoitwa Ushindi Dhidi ya Jua. Kruchenykh alitunga maneno, Mikhail Matyushin akatunga muziki, naye Malevich akabuni maleba na mandhari ya jukwaa. Onyesho hilo lilifanyika mara mbili tu, na sehemu kubwa ya hadhira ilizomea. Katika mojawapo ya mandhari hayo palikuwa na mraba uliogawanywa mara mbili, nusu nyeupe na nusu nyeusi. Malevich mwenyewe alikuja kudai kwamba wazo lake kuu lilizaliwa hapo.

Wazo hilo lilijitokeza bayana mwishoni mwa mwaka wa 1915. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimepamba moto, na jiji la Saint Petersburg lilikuwa limebadilishwa jina likawa Petrograd. Katika maonyesho yaliyopewa jina la 0,10, Malevich alitundika picha 39 ambazo hazikuwa na mtu, mti, nyumba wala mnyama. Zilikuwa miraba, mistatili, misalaba na duara zikielea juu ya weupe. Mtindo huo aliuita suprematizimu. Picha iliyokera kuliko zote ilikuwa mraba mmoja mweusi uliozungukwa na pambizo nyeupe, wenye takriban sentimita 80 kila upande. Mahali ulipowekwa palikuwa na uzito sawa na picha yenyewe. Katika nyumba ya Mrusi wa madhehebu ya Kiorthodoksi, kona ya juu ya chumba ndiyo mahali pa picha takatifu. Anayeingia huielekea kwanza na kujifanyia ishara ya msalaba kabla ya kuwaamkia wenyeji. Malevich aliuweka mraba wake katika kona ile ile. Mhakiki Alexandre Benois aliona humo kufuru na kiburi, na hakulificha hilo alipoandika gazetini.

Je, picha ile ilikuwa na maudhui? Swali hili ndilo litakalomwandama mchoraji huyu hadi kaburini. Yeye alishikilia kwamba sanaa ya karne nyingi ilikuwa imetumikia vitu vingine, ikiwa ni pamoja na dini, wafalme na matajiri, na kwamba sasa ilikuwa zamu ya hisia safi kusimama bila mzigo wa kuiga vitu. Waliompinga walisema alikuwa ameiua sanaa. Itoshe kusema kuwa wakati huo, chini ya Kaizari, adhabu ya kuchora picha kama ile ilikuwa kejeli za magazeti tu. Hakuna askari aliyebisha hodi.

Mnamo 1916 Malevich alichukuliwa jeshini. Mapinduzi ya 1917 yalipoanza, aliyapokea kwa mikono miwili, kama walivyofanya wasanii wengi wa mkondo mpya. Waliamini kwamba waliopindua sanaa kongwe na waliopindua utawala mkongwe ni ndugu wa toka nitoke. Serikali mpya ya Lenin iliwapa nafasi. Anatoly Lunacharsky, aliyesimamia elimu na utamaduni, alikuwa msomi mvumilivu, na chini yake wachoraji waliokuwa wakichekwa jana wakawa wakuu wa vyuo, wanunuzi wa picha za majumba ya makumbusho na wapambaji wa miji siku za sherehe. Malevich alikabidhiwa majukumu kadhaa mjini Moscow. Mwaka wa 1918 alichora mraba mweupe ulioinama kidogo juu ya uwanja mweupe, picha ambayo kwayo alikuwa amefika ukingoni mwa uchoraji wenyewe.

Hapa mwandishi wa wasifu hana budi kuwa mkweli. Malevich wa miaka hiyo hakuwa kondoo. Katika makala aliyoandika mwaka wa 1919 kuhusu majumba ya makumbusho, alipendekeza kwamba hakuna hasara kubwa kazi kongwe zikiteketezwa, kwani hata jivu lake lingetosha kuwa kumbukumbu. Ilikuwa lugha ya majazi, pengine, lakini ilitolewa na mtu aliyekuwa karibu na mamlaka. Mwishoni mwa mwaka huo alialikwa kufundisha katika mji wa Vitebsk, ambapo chuo cha sanaa kilikuwa kikiongozwa na mwenyeji wa mji huo, Marc Chagall. Katika muda wa miezi michache wanafunzi walimwacha Chagall, mchoraji wa wapendanao wanaopaa juu ya mapaa, wakamfuata Malevich. Waliunda kundi lililoitwa UNOVIS, wakashona miraba myeusi kwenye mikono ya nguo zao, wakapamba kuta za mji kwa duara na mistatili. Chagall aliondoka mwaka wa 1920 akiwa na uchungu. Malevich alimpenda sana mtoto wake aliyezaliwa mwaka huo, na akampa jina la Una, kutokana na jina la kundi lile. Mtu anayempa mwanawe jina la nadharia yake si mtu anayeichukulia nadharia hiyo kama mchezo. Wala si mtu rahisi kufanya naye kazi.

Tofauti kati yake na waliokuja kumnyamazisha ni kwamba yeye alishinda kwa kuvuta wanafunzi. Hakuwa na gereza.

Mwaka wa 1922 alihamia Petrograd pamoja na baadhi ya wanafunzi wake, akiwamo Nikolai Suetin, Ilya Chashnik na Vera Ermolaeva. Huko akawa mkurugenzi wa taasisi ya serikali ya utafiti wa sanaa iliyofahamika kwa kifupi kama GINKhUK. Walifanya utafiti kuhusu rangi na umbo kama wanavyofanya wataalamu katika maabara, wakatengeneza vielelezo vya plasta vya majengo ya siku zijazo, na kubuni vikombe na birika kwa kiwanda cha kauri. Lakini upepo ulikuwa umeanza kugeuka. Mwaka huo huo wa 1922 kiliundwa chama cha wachoraji kilichotaka picha za askari wa Jeshi Jekundu, wafanyakazi na viongozi, zichorwe kwa namna inayoeleweka na kila mtu. Chama hicho kilipata ufadhili na masikio ya wakubwa. Mwezi Juni mwaka wa 1926 gazeti la chama tawala mjini Leningrad, maana jiji lilikuwa limebadilishwa jina tena, lilichapisha makala yaliyoifananisha taasisi ya Malevich na nyumba ya watawa inayolishwa kwa fedha za umma. Kabla ya mwaka kumalizika alikuwa amepoteza ukurugenzi, na taasisi ikavunjwa.

Namna ya kushambulia ilikuwa ya kijanja, na inastahili kutazamwa kwa makini. Hakuna aliyejaribu kuthibitisha kwamba nadharia ya Malevich ilikuwa na makosa. Ilitosha kuonyesha kuwa haikueleweka na mfanyakazi wa kawaida, na kwamba ililipiwa na mfanyakazi huyo. Wasomaji wanaoukumbuka mgogoro wa ushairi wa Kiswahili wa miaka ya 1970, kati ya watetezi wa arudhi na watetezi wa mashairi huru, watautambua mwangwi wa hoja hiyo ya kueleweka. Ila mgogoro wetu ulipiganwa kwa kalamu pande zote mbili. Abdilatif Abdalla alipofungwa gerezani hapa Kenya, kuanzia 1969 hadi 1972, alifungwa kwa yaliyosemwa katika kijitabu chake Kenya: Twendapi?, na bahari za mashairi yake hazikumhusu askari yeyote. Katika Muungano wa Kisovieti mambo yalifika mahali ambapo bahari yenyewe ilikuwa ushahidi.

Mapema mwaka wa 1927 Malevich alipata ruhusa ya kusafiri nje ya nchi, mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake. Alianzia Warsaw, ambako alipokelewa kwa taadhima na kuandaliwa maonyesho, kisha akaenda Berlin akiwa na takriban picha 70. Alizuru chuo cha Bauhaus mjini Dessau, na mwaka huo huo chuo hicho kikachapisha kitabu chake kuhusu ulimwengu usio na vitu. Picha zake zilitengewa nafasi katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Berlin. Ghafla, mapema mwezi Juni, aliagizwa kurudi nyumbani. Kabla ya kuondoka alifanya jambo linaloonyesha kwamba hakuwa mjinga wa hali yake: picha zote aliziacha Ujerumani chini ya uangalizi wa msanifu majengo Hugo Häring, maandishi yake akayaacha kwa familia moja rafiki, na akaandika waraka mfupi wa kueleza namna ya kuyashughulikia maandishi hayo iwapo angefariki au kufungwa bila sababu. Kisha akapanda gari la moshi akarudi Leningrad. Angeweza kubaki, lakini mama yake na binti yake walikuwa kule. Hakuziona picha zile tena.

Miaka miwili iliyofuata ilikuwa ya kubanwa polepole. Alifundisha kwa vipindi katika chuo cha sanaa cha Kyiv, mji alikozaliwa, ambako kwa muda palikuwa na nafuu kuliko Leningrad. Mwaka wa 1929 Lunacharsky aliondoka katika wadhifa wake, na Stalin akawa amekwisha kuwashinda wapinzani wake wote chamani. Mwezi Novemba mwaka huo jumba la Tretyakov mjini Moscow lilimwandalia Malevich maonyesho ya kazi zake. Kwa kuwa picha nyingi muhimu zilikuwa zimebaki Ujerumani, alichora nyingine mpya na kuziandikia tarehe za zamani, na wataalamu wa historia ya sanaa wamehangaika kwa miaka mingi kuzitenganisha. Mraba wa kwanza ulikuwa tayari umeanza kupasuka rangi, hivyo akachora mwingine.

Tarehe 20 Septemba mwaka wa 1930 alikamatwa na polisi wa siri. Alishikiliwa hadi mwanzoni mwa Desemba, takriban miezi miwili na nusu. Mahojiano yalihusu safari yake ya Ujerumani, watu aliokutana nao, na mawazo aliyoyaeneza miongoni mwa wanafunzi. Alishukiwa kuwa jasusi. Wengine huona kwamba alibahatika, na kwa kipimo cha yaliyowapata wenzake baadaye, ni kweli. Lakini mtu wa miaka 51 aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi ya serikali miaka minne tu iliyopita alitoka gerezani akijua kwamba kila mraba aliouchora ulikuwa katika faili ya mtu fulani. Baadhi ya marafiki walichoma karatasi walizohofia zingemponza.

Tarehe 23 Aprili mwaka wa 1932 Kamati Kuu ya chama ilitoa azimio la kuvunja makundi yote huru ya waandishi na wasanii, ili nafasi yake ichukuliwe na chama kimoja kwa kila sanaa. Miaka miwili baadaye, katika kongamano la kwanza la waandishi wa Kisovieti, uhalisia wa kijamaa ulitangazwa kuwa njia rasmi. Msanii alitakiwa aonyeshe uhalisi, lakini uhalisi katika maendeleo yake ya kimapinduzi. Yaani, asichore shamba lilivyo, bali litakavyokuwa chama kikishafaulu. Neno umaumbo, ambalo leo ni kichwa cha sura moja katika vitabu vya nadharia, likawa shutuma. Mtu akiitwa mwanaumaumbo hakupewa nafasi ya kujieleza darasani. Alipoteza kazi, maonyesho, mgao wa chakula, na wakati mwingine uhai. Katika maonyesho makubwa ya kuadhimisha miaka kumi na mitano ya mapinduzi, yaliyofunguliwa mwishoni mwa mwaka wa 1932, Malevich alitengewa chumba. Lakini yalipohamishiwa Moscow mwaka uliofuata, kazi zake ziliwekwa kama mfano wa njia iliyopotoka.

Je, alisalimu amri? Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 alirudi kuchora watu, na wako wanaoichukulia hatua hiyo kama ushahidi kwamba dola ilimshinda. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa, kwa sababu hofu ilikuwepo na msanii alihitaji mkate. Ila mtu akizitazama picha zenyewe hupata mashaka. Wakulima wanasimama wima kwenye nyanda zenye mistari ya rangi, wamevaa mashati meupe, mekundu au ya njano, na pale panapopaswa kuwa na uso pana yai tupu. Hawana macho wala midomo. Baadhi hawana mikono. Nyumba iliyo mbali haina dirisha. Hiyo ilikuwa miaka ambapo mashamba ya wakulima yalitwaliwa kwa nguvu kuwa ya pamoja, na mnamo 1932 na 1933 njaa iliyosababishwa na sera hiyo iliua mamilioni ya watu nchini Ukraine, katika vijiji vya aina ile ile ambayo ndani yake mtoto wa mfanyakazi wa sukari alijifunza kupenda rangi. Malevich hakuacha maelezo ya kutosha kutuwezesha kuapa kwamba alikusudia kuwalilia. Alichofanya ni kuchora wakulima wasio na nyuso wakati ambapo amri ilikuwa kuchora wakulima wanaotabasamu, na tafsiri ya kuwa huko ni kusalimu amri inahitaji ujasiri mwingi wa kuitetea.

Halafu zikaja picha za mwisho. Alichora mke wake wa tatu, Natalia, binti yake, na wafanyakazi, kwa mtindo unaokaribia ule wa wachoraji wa Italia wa karne ya kumi na tano. Katika picha yake mwenyewe ya mwaka wa 1933 amevaa joho na kofia za zama zile, amesimama kwa kiburi kama mheshimiwa wa Venice, mkono mmoja umekunjuliwa kana kwamba umeshika kitu kisichoonekana. Afisa wa chama asingepata cha kulalamikia: mtu anafanana na mtu. Lakini chini pembeni, mahali pa sahihi, pana mraba mdogo mweusi.

Wakati huo alikuwa tayari mgonjwa wa saratani. Alifariki mjini Leningrad tarehe 15 Mei mwaka wa 1935, akiwa na umri wa miaka 56. Maiti ilipolazwa nyumbani, mojawapo ya miraba yake ilitundikwa ukutani juu ya kichwa chake, kama ilivyokuwa ada kwa picha takatifu. Suetin alitengeneza jeneza kwa mtindo wa suprematizimu. Mshairi Daniil Kharms alisoma shairi katika ibada ya kumuaga. Gari lililobeba jeneza kupitia barabara kuu ya jiji lilikuwa na mraba mweusi mbele yake, na hapana shaka kwamba hayo ndiyo yaliyokuwa maonyesho ya mwisho ya hadhara ya mraba ule kwa muda mrefu. Mwili uliteketezwa Moscow, na majivu yakazikwa katika kijiji cha Nemchinovka, chini ya mwaloni ambao marehemu alipenda kupumzikia. Suetin aliweka hapo mchemraba mweupe wenye mraba mweusi upande mmoja.

Waliobaki hawakusalimika wote. Vera Ermolaeva alikamatwa mwezi Desemba mwaka wa 1934, kabla ya mwalimu wake kufa, akapelekwa kambini Kazakhstan na kupigwa risasi mwaka wa 1937. Vsevolod Meyerhold, gwiji wa tamthilia, aliuawa mwaka wa 1940. Kharms alifia katika hospitali ya gereza mwaka wa 1942, jiji likiwa limezingirwa na Wajerumani. Nikolai Punin, mhakiki aliyefanya kazi na Malevich katika taasisi ile, alifia kambini mwaka wa 1953. Suetin alinusurika, na alinusurika kwa vikombe: alikuwa msanii mkuu wa kiwanda cha kauri cha Leningrad, ambako mraba na mstatili vingeweza kupita kama mapambo ya sahani bila mtu kuuliza maana yake.

Nazo picha zilizoachwa Ujerumani zilikutana na udikteta wa pili. Wanazi waliposhika serikali mwaka wa 1933, wao pia waliichukia sanaa isiyoiga vitu, ila wao waliiita ya Kibolsheviki, ilhali Wabolsheviki waliiita ya kibepari. Mwaka wa 1937 walifungua mjini Munich maonyesho ya kuidhihaki sanaa waliyoiita iliyooza. Picha nyingi za Malevich zilikuwa zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Hannover, ambako mkurugenzi Alexander Dorner alizificha ghalani. Mwaka wa 1935 Alfred Barr wa jumba la sanaa ya kisasa la New York alifika huko akaondoka na baadhi yake, na inasimuliwa kwamba mbili alizikunja ndani ya mwavuli wake ili zipite mpakani. Zilizobaki zilirudishwa kwa Häring, aliyezitunza hadi vita vilipokwisha, na mwaka wa 1958 zikanunuliwa na jumba la Stedelijk la Amsterdam. Mwaka wa 2008 jiji la Amsterdam lilikubali kuwarudishia warithi picha tano. Moja iliuzwa mwaka huo huo kwa takriban dola milioni 60 za Kimarekani, na mwaka wa 2018 ikauzwa tena kwa zaidi ya dola milioni 85. Mchoraji mwenyewe alikufa akiwa fukara.

Nchini mwake picha zake zilikaa katika maghala ya serikali kwa takriban nusu karne. Hazikuchomwa, na hilo ni ajabu yake: dola iliyoamini kwamba hazina thamani iliendelea kuzifungia kwa kufuli na kuziandika katika daftari. Maonyesho makubwa ya kazi zake yaliandaliwa hatimaye Leningrad, Moscow na Amsterdam mnamo 1988 na 1989. Mwaka wa 2015 wataalamu wa jumba la Tretyakov, wakitumia miale, walitangaza kwamba chini ya rangi nyeusi ya mraba wa kwanza mna michoro mingine miwili ya rangi mbalimbali iliyofunikwa.

Kaburi halikupatikana tena. Mwaloni na mchemraba vilitoweka wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mahali pale pakageuzwa shamba la kulimwa, na katika karne hii pakajengwa nyumba za makazi. Jiwe la ukumbusho lililowekwa mwaka wa 1988 liko kando, umbali fulani kutoka mahali panapodhaniwa kuwa ndipo.